Sakafu ya Nyumba ya Bartol

Ufunguo wa nyumba alimozaliwa mchonga sanamu Bartol Jurakić una urefu wa kiganja na uzito wa nyundo ndogo. Kwa miaka ishirini na sita ulining'inia kwenye msumari nyuma ya jiko la Manda Pavošević, nyumba ya pili kutoka hapo, upande uleule wa barabara. Wageni walioshuka treni katika kituo cha Jošik walikuta karatasi ndani ya kifuko cha plastiki mlangoni pa nyumba hiyo: "Ufunguo uko namba 43. Gonga kwa nguvu." Maneno matatu ya mwisho aliyaongeza Manda mwenyewe, mwaka ambao sikio lake la kushoto lilianza kugoma.

Septemba iliyopita, akiwa na miaka sabini na miwili, Manda alikuwa anatafuta mtu wa kumpa ufunguo huo, na hakumpata.

Tiketi yake ya ndege ya tarehe kumi na nne Oktoba ilikuwa kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza. Aliinunua binti yake, Renata, anayeishi Cork huko Ayalandi kama nusu ya wale waliosoma naye darasa moja. Hakuomba ruhusa. Mwezi wa Februari Manda alikuwa ameanguka bafuni, akalala pale kwenye vigae tangu asubuhi hadi mpeleka barua alipopita saa saba mchana na kusikia mtu akiimba. Manda alikuwa anaimba ili asisinzie.

"Mama, hili si ombi," Renata alisema kwenye simu. "Ukikaa baridi nyingine peke yako, atakayekufa ni mimi."

Manda hakubisha. Alikuwa amefika mahali ambapo hata kubisha ni kazi.

Nyumba yake mwenyewe haikumsumbua. Angefunga maji, angetoa jokofu kwenye umeme, angempa Tonka wa ng'ambo ya barabara kuku wake watano wajiunge na wale wa Tonka ambao tayari walikuwa wanazurura kijiji kizima. Lililomsumbua ni sakafu ya Bartol.

Sakafu hiyo ni ya udongo. Zamani nyumba zote za Jošik zilikuwa hivyo: ndefu na nyembamba, ubavu uani, kichwa barabarani, kuta za tofali mbichi, na chini udongo mtupu. Leo imebaki hii moja. Sakafu ya udongo isiposiribwa kila wiki hupasuka, nyufa hutoa vumbi, na majira ya baridi mawili yakipita unabaki na shimo lenye paa. Halmashauri huleta chokaa ya kuta kila mwaka kabla ya Pasaka, na ndiyo iliyoleta kibao cha shaba kisemacho kwamba Bartol alizaliwa humu. Kuhusu sakafu hakuna karatasi yoyote. Inajulikana tu kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye sakafu, na kwamba ufunguo hutoka mkono wa mwanamke kwenda mkono wa mwanamke. Manda alipewa na mama mkwe wake, Janja, ambaye alipewa na binamu wa Bartol, mjane aliyekufa bila mtoto.

Kwa hiyo aligonga milango. Katika Jošik kuna nyumba mia moja na arobaini. Majira ya baridi moshi hutoka kwenye sitini. Katika hizo sitini alitoa zile za wanaume wapweke, za waliolala kitandani na za wale ambao hawakuwa wanasalimiana naye. Zilibaki kumi na moja. Alianza na Tonka.

"Tonka, wewe una magoti."

"Nina magoti ya kupigia kanisani, Manda. Hayo mengine nilimzika nayo mume wangu."

"Dakika arobaini kwa wiki."

"Na mikono inanuka mavi ya farasi mpaka Jumatatu." Tonka alikuwa anamenya pilipili kwa ajili ya kusindika, na hakuinua kichwa. "Tandika zulia la plastiki, mwanamke. Ulimwengu wote umeshatandika. Bartol amekufa, hatakugombeza."

Wengine kumi walijibu kwa adabu zaidi, lakini jibu lilikuwa lilelile. Mmoja alikuwa anaenda Ujerumani kulea wajukuu. Mmoja alimwonyesha kovu la mgongo, akilivulia blauzi palepale sebuleni.

Krešo, mwenyekiti wa halmashauri, alikuja mwenyewe na folda. Manda alikuwa mpishi wa shule alipokuwa Krešo mtoto, na mpaka leo mwenyekiti huyo husafisha viatu mara mbili kabla ya kuingia kwake.

"Tunamwaga zege, shangazi," alisema. "Juu yake vigae vya rangi ya udongo. Nimeviona kwenye katalogi. Hakuna atakayetambua."

"Basi na kibao mbadilishe. Mwandike alizaliwa bafuni."

Krešo alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Shangazi, nitajie jina moja. Moja tu. Nani atafanya? Nitaacha vigae leoleo."

Manda aliitazama kahawa yake. Jina hakuwa nalo. Krešo alisubiri kiasi cha heshima, akafunga folda, akasema mafundi watakuja mwishoni mwa Oktoba, shangazi akishafika salama kwa Renata.

*

Kazi yenyewe hufanywa Jumamosi, ili Jumapili nyumba iwe kavu. Udongo wa manjano huchimbwa nyuma ya makaburi na kuchekechwa. Mavi ya farasi huletwa na Tunja, mtu pekee kijijini ambaye bado ana farasi. Anao wawili, wa kuvuta magari ya maharusi. Maji ni ya kisima, baridi, hata Januari. Brashi haitumiki. Mwanamke hupiga magoti pembeni chini ya dirisha na kurudi nyuma kuelekea mlangoni, akisiriba kwa kiganja nusu duara juu ya nusu duara, kila moja ikifunika ukingo wa mwenzake kama magamba ya samaki. Mwisho, kwa kopo lililotobolewa, huchora kwa maji maumbo ya tarakimu nane kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo nane hazina kazi. Janja alisema nyumba isiyo nazo ni zizi.

Jumamosi ya tatu ya Septemba basi la wastaafu na walimu wa sanaa kutoka mji wa Osijek lilitarajiwa saa tano. Lilifika saa tatu na dakika arobaini. Manda alikuwa bado na nusu mita kabla ya mlango.

"Mama, tunaweza kuingia?" aliuliza bwana mmoja mwenye kofia ya turubai.

"Mnaweza, mkitaka kubaki humo. Bado mbichi."

Wakacheka, wakajipanga kwenye baraza na kupiga picha kupitia mlango. Humo ndani kuna kitanda, beseni la kuogea mtoto, na picha ya Bartol mzee akiwa Chikago, amesimama mbele ya farasi wa shaba mkubwa kuliko nyumba hii. Bibi mmoja mwenye fimbo alianza kulia, akasema harufu hiyo ni ya mama yake. Wengine wakampiga picha na yeye.

"Endelea tu, mama, kama vile hatupo," alisema bwana mwenye kofia.

Manda aliendelea. Alimaliza ile nusu mita, akaosha mikono kwenye ndoo, akaweka kiganja kwenye kizingiti ili ainuke, na hakuinuka. Alijaribu tena. Magoti yalikuwa hapo, lakini hayakupokea habari. Wastaafu wawili, mmoja akiwa mzee kuliko yeye, walimshika makwapani na kumsimamisha kama gunia, huku simu zikiwa bado juu.

"Una undugu na Bartol?" mwalimu mmoja aliuliza.

"Sina. Aliondoka hapa na miaka minane." Kisha, kwa kuwa walikuwa wamelipa nauli na kutoka mbali, aliwapa kilichobaki kwa sauti aliyoitumia miaka ishirini na sita: kwamba baba yake alikuwa mchunga nguruwe wa kijiji, kwamba sanamu yake ya kwanza ilikuwa nguruwe wa udongo huu huu, kwamba alirudi mara moja tu, tayari mtu mashuhuri, akavua viatu mlangoni na kusimama peku ndani bila kusema neno. Hiyo ya viatu aliisikia kwa Janja. Hakuwahi kuiamini, lakini wageni waliipenda, na ilikuwa inawasaidia kuondoka.

Basi lilipoondoka, alikaa kwenye ngazi ya baraza na miguu imenyooka mbele kama ya mwanasesere. Hapo ndipo alipoona baiskeli imeegemezwa langoni, na mwanamke amechuchumaa mlangoni pa Bartol, anaitazama sakafu.

Alimjua kwa sura. Kijiji kilimwita yule wa nyanya. Jina lake lilikuwa Bimala, Mnepali wa miaka kama arobaini, mmoja wa wanawake sita wanaoishi katika shule ya zamani na kufanya kazi kwenye mabanda ya nailoni ya kulimia nyanya ng'ambo ya reli. Siku hiyo mashine ya maji ilikuwa imeharibika na wamerudishwa mapema. Alikuwa na miezi kumi na minne Jošik, na Kikroatia chake kilikuwa cha dukani na cha kazini.

"Hapa nyembamba," Bimala alisema, akaonyesha kwa kidole. "Itapasuka."

Manda alikuwa tayari kusikia lolote siku hiyo isipokuwa kukosolewa.

"Nani kakwambia?"

"Mama mkwe." Bimala akainamia ndoo na kunusa. "Ng'ombe?"

"Farasi."

Bimala akakunja pua. "Ng'ombe bora."

"Ng'ombe ananuka."

"Farasi hanuki?"

Akakunja mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko, akachota tope kiganjani, akajinyoosha kutoka kwenye kizingiti, na kulijaza lile eneo jembamba kwa miviringo miwili mitatu. Aliviringisha kinyume, kutoka kushoto kwenda kulia, na alikandamiza kwa kisigino cha kiganja, mahali ambapo Manda alitumia vidole. Lakini ulikuwa mviringo uleule. Ukingo wake ulikaa juu ya ukingo wa Manda bila kuacha mshono.

Hakuna mtu aliyewahi kutia mkono kwenye ndoo ile tangu Janja afe. Manda aliutazama mkono huo kama mtu anavyomtazama mwingine aliyevaa koti lake, tena likamkaa.

"Kwenu mnafanya siku gani?" aliuliza mwishowe.

"Kila siku," alisema Bimala. "Asubuhi. Kabla ya chai."

*

Jumatatu jioni Manda alienda shule ya zamani na chupa ya jamu ya plamu. Jikoni palikuwa palepale alipokuwa anapika zamani, na sufuria kubwa ilikuwa bado ile ile yenye mpini uliolegea. Alieleza alichotaka polepole. Kuzungumza na mtu ambaye hakijui vizuri Kikroatia kulimpumzisha. Hakukuwa na haja ya kupamba.

Bimala alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi kazi," alisema. "Mpaka saa kumi na mbili. Jumapili hakuna kazi."

"Jumapili haifanywi."

"Kwa nini?"

"Ni Jumapili."

"Mimi Jumapili nafua. Napika chakula cha wiki. Nampigia simu mwanangu, nagombana naye saa nzima." Bimala alilamba jamu kwenye kijiko. "Hiyo si kazi?"

Katika Jošik siku ya Jumapili nyundo hazigongwi, na nguo hazianikwi upande wa barabara. Mwaka wa 1974, akiwa bibi arusi wa miezi minne, Manda alipiga pasi shati la mume wake kabla ya misa. Janja alichukua jagi, akaimwagia pasi maji, akarudisha jagi mezani na kumwuliza kama mayai yameiva. Hawakulizungumza tena. Na tangu siku hiyo, kwa miaka hamsini na zaidi, Manda hakuwahi hata kupitisha uzi kwenye sindano siku ya Jumapili.

"Tena mimi kibali bado mwaka mmoja na nusu," Bimala aliongeza. "Baadaye sijui."

"Na mimi baadaye sijui," Manda alisema.

Hakumwuliza padre. Padre ni kijana, angesema haina neno, na Manda hakutaka kuambiwa haina neno. Ilikuwa na neno. Alilala nalo siku tatu, na siku ya nne alienda ofisini kwa Krešo, akakaa bila kukaribishwa.

"Ninalo jina," alisema, akalitaja.

Krešo aliweka kalamu chini. "Yule wa nyanya?"

"Ana jina, nimelitaja sasa hivi."

"Shangazi, si mimi. Mimi sina tatizo. Ila watu watasema, nyumba ya Bartol wetu..."

"Watu niliwagongea milango yote kumi na moja, Krešo. Na mama yako nilimgongea."

Mwenyekiti alitazama dirishani. Mama yake ndiye aliyeonyesha kovu.

"Vigae naviacha," alisema.

Tonka alikuwa amezipata habari kabla Manda hajafika nyumbani. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, aproni kiunoni, kuku wakimzunguka.

"Jumapili!" alisema. "Janja atafufuka."

"Akifufuka, mwambie aje na ndoo."

"Unafanya mzaha."

"Sifanyi mzaha, Tonka. Siwezi kuinuka nikiwa chini. Unaelewa? Jumamosi waliniinua wageni."

Tonka alimfukuza kuku ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

*

Jumapili ya kwanza ya Oktoba misa iliisha saa nne na robo. Wanawake walirudi kama kawaida, kundi moja katikati ya barabara, wakizungumzia bei ya kuni. Manda hakuwa amesikia hata neno moja la mahubiri. Tangu Injili alikuwa anahesabu: sasa Bimala anachekecha, sasa anachanganya, sasa yuko chini ya dirisha.

Walipofika namba 39, kwa Bartol, mlango ambao Manda alikuwa ameufungua kabla ya misa ulikuwa wazi na baiskeli imeegemea ukuta. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kiganja juu ya tope, ya kukandamiza na kuburuta, na kila mmoja katika kundi lile aliijua tangu utoto. Hatua zilipungua. Tonka alifanya ishara ya msalaba, kisha akaonekana hajui kama ameifanya kwa ajili ya dhambi au kwa ajili ya marehemu mama yake.

"Tunaenda, Manda?" mmoja aliuliza.

"Nendeni."

Alipanda barazani na viatu vyake vya kanisani na kukaa kwenye benchi. Kwa miaka ishirini na sita benchi hilo lilikuwa la wageni. Hakukumbuka kuwahi kulikalia. Kupitia mlango aliona nyayo za Bimala, za manjano kwa udongo mkavu, zikirudi nyuma kuja upande wake. Harufu ilimfikia, na ilikuwa ya ng'ombe. Amewatoa wapi ng'ombe, mtu huyu? Manda alitaka kumkosoa. Kisha akaona jinsi tope lilivyokaa kwenye kona ya beseni, mahali ambapo lake lilikuwa linabanduka kila wiki, akaacha.

Bimala alifika kizingitini, akainuka mara moja bila kushika kitu.

"Maji ya nane," Manda alisema. Akachukua kopo lililotobolewa ili amwonyeshe. Maji yakamwagika yote mahali pamoja. Akampa kopo.

Nane za Bimala zilikuwa mbaya. Moja ilifanana na figo, nyingine haikujifunga. Alifika mwisho wa ukuta akageuka kumtazama.

"Mbaya?"

"Mbaya."

"Jumapili ijayo bora."

Jumapili ijayo Manda angekuwa bado yupo. Ile ya baada yake, hapana. Alitoa ufunguo kwenye mfuko wa koti na kumwekea mkononi, mkono uliokuwa bado na tope. Bimala aliupima uzito wake, akaufuta kwenye sketi, akauliza unatundikwa wapi.

"Popote penye msumari."

Manda aliitoa karatasi kwenye kifuko cha plastiki, akaiweka pajani na kutafuta kalamu kwenye pochi. Alifuta namba 43, akaandika: "Shule ya zamani. Jumapili." Alisoma tena, akafuta na yale maneno ya kugonga kwa nguvu. Bimala alikuwa anasikia vizuri.

Baiskeli iliondoka. Nyumbani kulikuwa na supu ya kupasha moto na sanduku la safari lililofunguliwa kitandani tangu Alhamisi, na alijua kwamba akiinuka sasa atayafikia yote mawili kabla ya saa sita. Lakini sakafu ilikuwa bado mbichi, mlango ulibidi ubaki wazi ili ikauke, na kuku wa Tonka walikuwa barabarani, wangeweza kuingia na kuikanyaga. Akavua viatu, akavipanga chini ya benchi, akabaki ameketi.